Kabla Hujamwandikisha Mwanao Shule ya Kimarekani

Mzazi mwenzangu, siku utakayozungushwa katika shule ya kimataifa yenye mtaala wa Kimarekani utaonyeshwa bwawa la kuogelea, ukumbi wa maigizo, maabara ambayo kila mwanafunzi ana hadubini yake, na darasa lenye watoto wasiozidi 20 waliokaa kwa vikundi wakijadiliana. Hayo yote ni ya kweli na ni mazuri. Lakini hakuna hata moja linalojibu swali ambalo ningependa uingie nalo pale getini: mtoto huyu akifika miaka 18 atatoka hapa ameshika karatasi gani, na nani ataipokea?

Ninawaandikia hasa wazazi wa hapa kwetu, Tanzania na Kenya, ambao hakuna ubalozi wala shirika linalowalipia ada. Ninawaandikia pia wale wanaojiandaa kurudi nyumbani baada ya miaka mingi Marekani au Kanada, wakiwa na kijana wa miaka 14 ambaye hajawahi kukaa katika darasa la kwetu. Hao wa pili wana sababu nzito zaidi ya kuzitafuta shule hizi, kwa kuwa kumtoa kijana wa umri huo katika mfumo mmoja na kumtumbukiza katika mwingine miaka miwili kabla ya mtihani wa taifa ni kumwonea. Hao wa kwanza wana nafasi ya kuchagua, na mwenye nafasi ya kuchagua anapaswa kupima.

Tuanze na jinsi shule hizi zilivyozaliwa, maana ada yake huwezi kuielewa bila historia hiyo. Shule ya kimataifa ya Tanganyika ya Dar es Salaam, ambayo wengi huiita IST, ilianzishwa mwaka 1963, nchi ikiwa na umri wa miaka miwili tu tangu uhuru. Ile ya Kenya, ISK, ilianza mwaka 1976 kwa ushirikiano wa serikali za Marekani na Kanada. Kinshasa walikuwa na shule yao ya Kimarekani tangu 1961. Nia ilikuwa moja kila mahali: mwanadiplomasia, mtaalamu wa misaada na mfanyakazi wa Umoja wa Mataifa wapate pa kusomesha watoto, ili wakihamishwa kutoka Nairobi kwenda Bangkok mtoto aendelee pale alipoishia. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina ofisi maalumu ya shule za ng'ambo tangu mwaka 1964, nayo husaidia karibu shule 190 duniani kwa ruzuku na ushauri. Shule hizo si mali ya serikali ya Marekani, na kwa jumla Wamarekani wenyewe si wengi kati ya wanafunzi wake. Wengine ni watoto wa mataifa mbalimbali na watoto wa wenyeji.

Sasa angalia nani analipa. Serikali ya Marekani huwalipia watumishi wake ada za watoto wanapokuwa nje. Umoja wa Mataifa huwarudishia watumishi wake wa kimataifa sehemu kubwa ya ada, ilhali mtumishi aliyeajiriwa nchini, hata akikaa ofisi hiyo hiyo pale Gigiri, Nairobi, hana stahili hiyo. Kampuni kubwa za mafuta, madini na benki hufanya vivyo hivyo kwa wataalamu wao wa kigeni. Kwa hiyo bei ya shule hizi ilipangwa tangu mwanzo kwa macho ya mwajiri, na mzazi wa kwetu anayelipa kutoka kwenye duka, shamba au mshahara wake anajikuta ndani ya soko ambalo halikutengenezwa kwa ajili yake. Ukilijua hilo hutajilaumu unapoona wenzako wanatia saini fomu bila kupepesa macho.

Katika shule kubwa za aina hii Nairobi na Dar es Salaam, ada ya madarasa ya juu huzidi thamani ya dola 20,000 kwa mwaka. Juu yake kuna ada ya kuingia isiyorudishwa, mchango wa majengo, basi, chakula, kompyuta, mitihani ya nje na safari za masomo. Usipige hesabu ya mwaka mmoja. Chukua wastani mdogo, tuseme dola 15,000, uzidishe kwa miaka 13 kuanzia chekechea hadi darasa la 12: ni dola 195,000 kwa mtoto mmoja, kabla ya kupanda kwa ada kwa kila mwaka na kabla hujamtaja mdogo wake. Hiyo ndiyo namba ya kujadili na mwenzi wako usiku watoto wakishalala.

Kisha kuna suala la sarafu. Januari 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 124 za Kenya. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa imevuka 160, halafu ikashuka tena hadi karibu 130 kabla ya katikati ya mwaka 2024. Mzazi aliyepangiwa ada ya dola 20,000 aliona deni lake likitoka shilingi milioni 2.48 hadi zaidi ya milioni 3.2, huku mshahara wake ukiwa pale pale. Tanzania, tangu mwishoni mwa Machi 2025, kanuni zinakataza bei za huduma za ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo ankara sasa huandikwa kwa shilingi. Lakini shule inayowalipa walimu wake kwa dola itaitazama dola kila inapopanga ada ya mwaka unaofuata. Anayepata kipato kwa shilingi aweke akiba ya ada ya angalau muhula mmoja mbele, na kama sheria na benki yake zinaruhusu, sehemu ya akiba hiyo aiweke kwa fedha ya kigeni.

Nimeona familia zikianza vizuri na kukwama mtoto akiwa darasa la 9 au la 10, na hapo ndipo pabaya kuliko pote pa kukwama. Mtoto wa darasa la 5 anaweza kuhamia shule ya binafsi ya kawaida akasumbuka mwaka mmoja akazoea. Mtoto wa darasa la 10 hana matokeo ya kidato cha pili, hana cha nne, na miaka yake imepishana na ya wenzake, kwa kuwa mwaka wa shule hizi huanza Agosti na kuisha Juni wakati shule zetu huanza Januari. Tanzania, mtu asiye na matokeo ya kidato cha pili akitaka kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea hulazimika kwanza kufanya mtihani wa maarifa, ule unaoitwa QT. Kenya, nafasi za sekondari ya juu katika mfumo mpya wa umilisi hugawanywa kwa kutumia tathmini ya gredi ya 9, iliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2025, na mtoto wako hakuifanya. Mlango haujafungwa kabisa, lakini kuupita ni kazi ya mwaka mzima.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa mwenye uwezo wa miaka michache tu ni kuipanga miaka hiyo kwa makusudi. Anaweza kumpa mtoto elimu ya msingi huko, akamtoa mapema kabla ya masomo ya mtihani wa taifa kuanza. Anaweza pia kumsomesha shule nzuri ya kawaida kwanza, akahifadhi fedha zote kwa madarasa manne ya mwisho. Mpango wa pili unafaa zaidi kwa mtoto ambaye Kiingereza chake kimeshika, na nitarudi kwenye lugha muda si mrefu. Mpango usiofaa ni ule wa kuanza ukitumaini kwamba mambo yatajipa.

Turudi kwenye karatasi, maana hapa ndipo wazazi waliolelewa na mabaraza yetu ya mitihani, NECTA au KNEC, hukosea hesabu. Sisi tulizoea mtihani mmoja mkubwa unaofuta yote yaliyotangulia: ukicheza miaka mitatu, ukajifungia mwaka wa mwisho, unaweza kuokoka. Mfumo wa Kimarekani haufanyi hivyo. Kuanzia darasa la 9, kila somo la kila muhula lina alama inayoingia kwenye rekodi ya mwanafunzi, rekodi ambayo itapelekwa chuo kikuu jinsi ilivyo. Kila somo alilofaulu humpa krediti. Alama zote hukusanywa kuwa wastani mmoja, GPA, ambao kwa kawaida hupimwa kwa kipimo cha 4.0. Kazi ya nyumbani ambayo mtoto wa miaka 14 hakuikabidhi mwezi Oktoba inaonekana bado anapoomba chuo akiwa na miaka 17. Mzazi anayesubiri mwaka wa mwisho ndipo aanze kumfuatilia mwanawe amechelewa miaka mitatu.

Mwisho wa yote mwanafunzi hupata diploma ya sekondari. Naomba uisome sentensi inayofuata mara mbili. Diploma hiyo peke yake hutolewa na shule, si na baraza la mitihani, na nje ya Amerika ya Kaskazini vyuo vikuu vingi havioni kuwa ni sawa na kidato cha sita. Oxford na Cambridge hutaka juu yake mitihani ya AP yenye alama za juu kabisa. Uholanzi na Ujerumani nako, kwa kawaida, diploma bila AP haimwingizi mtu moja kwa moja katika chuo kikuu. AP ni masomo ya kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo, yanayosimamiwa na bodi iitwayo College Board, ile ile inayoendesha mtihani wa SAT wa kuombea vyuo. Mitihani yake hufanyika Mei na kusahihishwa nje ya shule, kwa alama za 1 hadi 5. Shule nyingine hutumia mtaala wa kimataifa wa IB badala ya AP, na nyingine zina vyote viwili. IB ilianzia Geneva mwaka 1968. Mwanafunzi husoma masomo sita kwa miaka miwili, huandika insha ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, na alama ya juu kabisa ni 45. Ni mzigo mzito, lakini ni karatasi inayosafiri mbali. Mtoto wako anayetaka Makerere, Cape Town au Manchester, na si Boston tu, yuko salama zaidi akiwa na IB kamili au AP kadhaa kuliko na diploma tupu.

Na akitaka kubaki nyumbani? Wengi hawaulizi swali hili kwa kuwa wanadhani aliyesoma kimataifa lazima atakwenda kimataifa. Maisha hubadilika. Biashara huyumba, mzazi huugua, kijana mwenyewe hupenda sheria na kutaka kuisomea Dar es Salaam, mahali atakapoifanyia kazi. Tanzania, mwenye vyeti vya nje huhitaji NECTA ivilinganishe na vya nchini kabla chuo hakijamdahili chini ya miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Kenya, mfumo wa KUCCPS wa kupanga wanafunzi vyuoni umejengwa juu ya matokeo ya mtihani wa mwisho wa sekondari, KCSE, kwa hiyo asiyekuwa nayo huomba chuoni mwenyewe na kwa kawaida hujilipia. Utambuzi wa sifa za nje huko ni kazi ya mamlaka ya sifa, KNQA. Hakuna ugumu usioshindika hapa. Ninachoomba ni hiki: mtoto akiwa darasa la 8, andikia vyuo vitatu, kimoja cha nyumbani, kimoja cha ng'ambo anachokitamani na kimoja cha akiba. Uliza kwa maandishi ni masomo gani na alama gani wanataka kutoka kwa mwanafunzi wa shule yenu hasa, na ulitunze kila jibu utakalopata. Uchaguzi wa masomo ya darasa la 9 na la 10 ufuate majibu hayo.

Kuhusu jina la shule nitasema kwa kifupi. Mtu yeyote anaweza kuchora bendera kwenye ukuta na kuandika neno Kimarekani getini. Kinachotofautisha ni ithibati, na ithibati hutolewa na taasisi za nje kama Middle States, NEASC, Cognia au CIS, ambazo hukagua shule na kurudi tena baada ya miaka kadhaa. Usiridhike na cheti kilichoning'inizwa mapokezi. Ingia kwenye orodha ya taasisi yenyewe mtandaoni, utafute jina la shule, na uangalie kama imekwisha kupata ithibati au bado ni mwombaji. Kwa IB, shule iliyoidhinishwa na shule inayoomba kuidhinishwa ni vitu viwili tofauti, na mwanao hawezi kufanya mtihani katika ile ya pili. Uliza pia shule ni ya nani. Zipo zisizo za faida, zinazoongozwa na bodi ambayo wazazi wana sauti ndani yake, na zipo za mtu au kampuni. Zote mbili zinaweza kuwa nzuri, lakini siku ada itakapopandishwa utataka kujua ni nani wa kuulizwa.

Jambo moja usilionee haya: usalama wa watoto. Mwaka 2014 iligundulika kwamba mwalimu mmoja alikuwa amewadhulumu wanafunzi kwa miongo kadhaa huku akihama kutoka shule moja ya kimataifa hadi nyingine, nchi baada ya nchi. Mwaka huo huo mashirika ya shule hizi yaliunda kikosi kazi cha kimataifa cha kulinda watoto, na taratibu za kuajiri zikakazwa. Walimu katika shule hizi huja kwa mikataba ya miaka miwili miwili na kuondoka, kwa hiyo uchunguzi kabla ya kuwaajiri ndio kinga ya kwanza. Muulize mkuu wa shule bila kuzunguka: mnathibitishaje historia ya mwalimu katika kila nchi aliyofundisha, na mtoto wangu akitaka kusema jambo zito amwendee nani? Mkuu mzuri atakujibu kwa utaratibu na kwa majina. Anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kukujibu.

Sasa lugha. Mtafiti Jim Cummins wa Kanada alionyesha miaka mingi iliyopita kwamba mtoto anayeingia katika lugha mpya huanza kuongea vizuri uwanjani ndani ya kama miaka miwili, lakini lugha ya kitabuni, ya kujenga hoja na kuandika insha ya historia, huchukua miaka mitano hadi saba. Mzazi anayemsikia mwanawe akicheka na wenzake kwa Kiingereza hudhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili, kama wanavyosoma watoto wengi wa Tanzania, akiingizwa darasa la 8 huko anapewa miaka mitano tu ya kufanya kazi ya miaka saba, na kila alama kuanzia darasa la 9 inahesabiwa. Akiingia darasa la 3 au la 4 ana nafasi. Kama amechelewa, uliza kuna msaada gani wa Kiingereza, unatolewa na mwalimu aliyesomea kazi hiyo au na msaidizi tu, na kama unalipiwa kando.

Upande wa pili wa lugha unaniuma zaidi. Kuna nyumba nyingi Masaki na Mikocheni za Dar es Salaam, na Kilimani na Lavington za Nairobi, ambako wazazi wawili wenye Kiswahili kitamu wamekiacha mlangoni ili wamsaidie mtoto. Matokeo yake hujulikana: kufika darasa la 4 mtoto anaelewa bibi anaposema, lakini anamjibu kwa Kiingereza, na kufika darasa la 8 hawana mazungumzo tena. Shule haiwezi kurudisha kilichotolewa na nyumba. Kiswahili katika shule nyingi za aina hii hufundishwa kama lugha ya kigeni, vipindi vichache kwa wiki, kwa watoto wa mabalozi wanaojifunza kusalimia, na mtoto wako akiwekwa humo atachoka na kukidharau.

Kwa hiyo fanya mambo mawili. La kwanza, Kiswahili kiwe lugha ya nyumbani bila mjadala, mezani, garini, wakati wa kugombezwa na wakati wa kubembelezwa, na vitabu vya Kiswahili viwepo ndani ya nyumba, vya hadithi na si vya sarufi tu. Kiingereza atakipata shuleni kwa saa saba kila siku, wala hakihitaji msaada wako. La pili wazazi wengi hawalijui. AP haina mtihani wa Kiswahili, lakini IB inacho. Mwanafunzi anaweza kukisoma kama fasihi ya lugha yake ya kwanza, na hata shule isipokuwa na mwalimu, IB ina utaratibu wa mwanafunzi kujisomea fasihi ya lugha yake chini ya usimamizi wa shule. Akifaulu lugha mbili za kiwango hicho, Kiingereza na Kiswahili, hupata diploma ya lugha mbili, na hiyo inaandikwa kwenye cheti. Mtoto wa Tanga au wa Mombasa anayeingia chuo kikuu na karatasi inayosema amesoma fasihi ya Kiswahili kwa kiwango hicho ana kitu ambacho wenzake wengi hawana. Ulizia mpango huo darasa la 9, maana darasa la 11 umechelewa.

Malezi nayo yatagusana na shule. Darasani mwanao atafundishwa kumwuliza mwalimu kwa nini, kupinga hoja mbele ya wenzake, kutetea maoni yake kwa ushahidi. Naliona hilo kuwa jambo bora kuliko yote wanayotoa, bora kuliko bwawa na maabara, na ni jambo ambalo shule zetu nyingi bado zinalinyima darasa la watoto 60. Usilikate nyumbani kwa kumwambia mtoto anyamaze. Mfundishe kwamba shikamoo kwa mjomba na swali gumu kwa mwalimu havigombani, kwamba anaweza kumpinga babu yake kwa heshima akiwa amekaa chini na ametulia. Watoto huelewa upesi kwamba kila baraza lina adabu yake. Wanachoshindwa kukielewa ni mzazi anayelipa mamilioni ili mtoto afundishwe kufikiri, kisha akampiga kibao alipofikiri.

Kuhusu marafiki, utafiti mwingi umewatazama watoto wanaohamahama. Mwanasosholojia Ruth Useem ndiye aliyeanza, miaka ya 1950, alipochunguza familia za Kimarekani nchini India. Aliyesahauliwa ni mtoto anayebaki. Kila Juni nusu ya meza aliyokuwa akila nayo chakula cha mchana huondoka: mmoja Amman, mwingine Ottawa, mwingine Pretoria. Wao wanakwenda kuanza upya, yeye anabaki na kiti kitupu, na Agosti anatakiwa afurahie wageni. Akifanyiwa hivyo mara sita au saba, mtoto hujifunza kutoshikamana sana na mtu. Mwalimu hataliona hilo kuwa tatizo, kwa kuwa mtoto ana adabu, ana alama nzuri na hana ugomvi na mtu.

Dawa yake haiko shuleni. Iko kwenye timu ya mpira ya mtaani, kwaya ya kanisani, madrasa ya jioni, na kwa binamu wanaolala kwenu wakati wa likizo. Mpe mtoto angalau kundi moja la marafiki ambalo halihami. Mpeleke kwa babu na bibi wakati wa Krismasi au Idi akae wiki mbili, afue nguo zake na apange foleni ya maji kama kuna foleni ya maji. Kuna pia faida nyingine: katika shule ambamo wenzake husafiri Zanzibar wikendi na Ulaya wakati wa likizo, mtoto mwenye ukoo mkubwa na majukumu ndani ya ukoo huo hajioni pungufu.

Ndoto ya Marekani tuizungumze kwa uwazi. Kusoma shule ya Kimarekani hakumhakikishii mtu nafasi ya chuo huko, wala fedha, wala viza. Vyuo vichache sana, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst na Dartmouth, humpokea mwanafunzi wa nje bila kuangalia kama ana uwezo wa kulipa, kisha humkamilishia mahitaji. Vingi vilivyobaki huangalia mfuko wako. Na mlango huo huo uko wazi kwa waliosoma shule zetu. Kenya, mpango wa KenSAP tangu mwaka 2004 umekuwa ukiwachukua vijana waliofaulu sana KCSE, wengi wao kutoka familia za kipato kidogo, na kuwaandaa kuingia vyuo vikuu vya juu kabisa vya Amerika. Vituo vya EducationUSA vinavyoungwa mkono na serikali ya Marekani hutoa ushauri bila kumuuliza mtu alisoma wapi. Viza nazo hubadilika bila kumngoja mtu: Juni 2025 raia wa Burundi waliwekewa vizuizi vilivyogusa hata viza za wanafunzi, wakiwemo waliokuwa na barua za udahili mkononi. Kama sababu yako pekee ya kulipa ada hii ni Marekani, fedha yako ina njia fupi zaidi ya kukufikisha huko.

Kipindi hiki pia ni cha kuuliza juu ya afya ya shule yenyewe. USAID ilifungwa rasmi Julai 1, 2025, na familia nyingi zilizokuwa zikiishi katika miji yetu kwa kazi zake zimeondoka. Shule iliyotegemea watoto wa wafadhili ina viti vitupu. Uliza ni asilimia ngapi ya ada inalipwa na balozi na mashirika, na kama kuna akiba ya kumudu miaka miwili mibaya. Wakati huo huo jua kwamba shule yenye viti vitupu inamhitaji mzazi wa nchini kuliko zamani. Omba msaada wa ada kwa maandishi, omba punguzo la mtoto wa pili, omba kulipa kwa awamu. Wengi hawaombi kwa kuona aibu, na shule haitampa mtu asiyeomba.

Kabla ya kutia saini, mpeleke mtoto akae darasani siku nzima, siku ya kawaida isiyo ya maonyesho, kisha umuulize nani alizungumza naye wakati wa chakula. Kama ana shida ya kusoma au ya kutulia, iseme mapema. Ukiificha na ikajulikana Novemba, shule inaweza kukuambia haina mtaalamu, na ada yako imekwisha kuliwa. Soma mkataba hadi kifungu cha kuondoka: notisi ni ya muda gani, ni nini kinarudishwa ukihamishwa kazi katikati ya mwaka, na kama rekodi za mtoto huzuiwa pale deni linapobaki. Hilo la mwisho ni zito, kwa sababu bila rekodi hakuna shule nyingine itakayompanga darasa linalomfaa. Kila Juni, kabla walimu wanaomjua hawajapanda ndege, chukua nakala ya matokeo yenye muhuri, barua ya mwalimu mmoja au wawili, na maelezo ya masomo aliyosoma, uviweke kwenye faili moja nyumbani. NECTA au KNQA watakapokutaka uthibitishe alichosoma mwanao, walimu hao watakuwa Amman na Ottawa, na faili hilo ndilo utakalolibeba.